Jina la Kumi na Nne

Nyinyi mlioniandikia wiki nzima mkitaka kujua kama nilimrudishia Mabuza ufunguo wa ofisi: sikumrudishia. Ninao. Atausubiri sana.

Kwa uliyenikuta njiani leo, nipe dakika moja. Mimi naitwa Violeth. Mama yangu ni mtu wa Morogoro. Baba yangu wa hapa hapa Johannesburg, alikwenda Tanzania uhamishoni akarudi na mke. Nimezaliwa Troyeville. Niliichezea timu ya soka ya wanawake ya chuo chetu pale Braamfontein mpaka goti likanigomea, nikabaki pale pale nasoma shahada ya uzamili huku nikiwa msaidizi wa kocha.

Mwezi wa tatu kocha mkuu, Burhani, alihamia chuo cha Pretoria, akabeba na washambuliaji wetu wawili kama mtu anayehama na mapazia. Alitaka kumbeba na golikipa wetu, Shekinah. Shekinah akamwambia hapana, mbele ya timu nzima. Burhani si mtu wa kusahau jambo kama hilo.

Nikaachiwa timu. Daktari wa viungo hakuongezewa mkataba. Fungu letu likakatwa, tukawa tunafua jezi wenyewe na kuzianika kwenye uzio wa uwanja, mpaka watu wa raga wakaenda kutushtaki. Halafu yakatoka matokeo ya mitihani ya muhula wa kwanza. Jamani! Wachezaji wangu wa kiungo walikuwa wamefeli kama vile wameshikana mikono, na Shekinah naye akaanguka takwimu.

Wiki iliyopita mliniacha mbele ya meza ya Doctor Mabuza, mkurugenzi wa michezo, amenyoosha kiganja anataka ufunguo. Mabuza hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Maneno yake nawatafsirieni mimi, na nikimtafsiri vibaya kidogo msinilaumu.

"Mashindano ya vyuo yanataka wachezaji kumi na wanne waliofaulu," akasema. "Wewe unao kumi na watatu. Ijumaa saa kumi jioni nafunga usajili. Ukipungukiwa mmoja, timu inafutwa. Sisemi msimu huu tu. Inafutwa kabisa."

"Shekinah anarudia mtihani wa takwimu Alhamisi. Akifaulu, ndiye wa kumi na nne."

"Akifaulu."

"Atafaulu."

"Ufunguo, Violeth."

"Ijumaa saa kumi, Doctor," nikamwambia, nikautumbukiza ufunguo kwenye sidiria. Aje autoe.

Jumapili nikashuka Bertrams, nyumbani kwa akina Shekinah. Mama yake, Mama Marcelline, ni Mkongo wa Bukavu, msusi, na siku za mechi pale Ellis Park sebule yake hujaa wateja mpaka mlangoni. Nilimkuta ndiyo kwanza ametoka kanisani, ana kichwa cha mtu mapajani.

"Mama," nikasema, "nakuomba wiki hii Shekinah asisuke. Asome tu."

"Atasoma. Miye mwenyewe nitasuka. Vidole yangu bado iko."

"Mtihani wa Alhamisi ndio timu yenyewe, mama. Akianguka yeye, tumeanguka wote."

"Nimesikia, kocha."

Nikanyanyuka. Na pale mlangoni, navaa viatu, nikasema, "Basi mama, na mtuombee."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojichongea. Sisi nyumbani tunaomba kuombewa hivi hivi, kwa kila mtu: kwa jirani, kwa muuza nyanya, kwa dereva wa teksi. Unasema, unakwenda zako, na mwenzako akikukumbuka kabla ya kulala basi ni bahati yako. Nilijua Mama Marcelline ni kiongozi wa akina mama wa maombi kanisani kwao. Sikujua kwamba hao ombi wakishalipokea wanalifanyia kazi kama kazi ya mshahara.

Kitana kikabaki hewani. "Ni weye unaomba? Kocha mwenyewe?"

"Ni mimi, mama. Ombeni sana."

"Tutaomba," akasema, na macho yake yaling'aa kwelikweli. "Tutaomba ya nguvu."

Nikarudi Troyeville kwa miguu, moyo mweupe, napiga mluzi.

Alhamisi asubuhi nilimpokea Shekinah nje ya ukumbi wa mitihani. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Umelala?"

"Nimelala, kocha."

"Umekula?"

Akatabasamu tu akaingia ndani. Nikajua ni woga wa mtihani, nani asiyeujua.

Wenzake kumi na watatu walikaa kwenye nyasi, jezi mwilini. Wengine walikuwa wanashikana mikono. Haijatimia saa nzima, mlango ukafunguka, wasimamizi wawili wanatoka wamemshika Shekinah makwapani, miguu inaburuzika.

Goti langu bovu lile lile likanikimbiza. Nikamlaza kwenye nyasi, namwagia maji usoni, nampigapiga mashavu. "Shekinah! We! Asubuhi umekula nini?"

"Sijakula."

"Jana je?"

"Eish, kocha. Tangu Jumatatu jioni. Chakula hapana, maji hapana."

"Wala maji? Una wazimu? Nani kakutuma?"

Akafumbua macho akanitazama kama ninamtania. "Wewe."

"Mimi?"

"Mama alisema kocha ameomba maombi. Kwetu, mwenye kuombewa ndiye anafunga ya kavu. Akina mama wote wamefunga na mimi."

Nilikaa kitako pale kwenye nyasi. Nimekaa na timu hii miaka saba, nimeona mabeki wakivunjika, makocha wakikimbia, nauli ikikosekana tukatembea. Na mtu aliyekuja kumwangusha golikipa wangu ni mimi, kwa adabu zangu za mlangoni.

Tukampeleka zahanati ya chuo, wakamtundikia dripu. Nyuma yetu akaja Daktari Ameir, mwalimu wa takwimu, Mzanzibari, mtu mpole ambaye hata akikufelisha unatoka umemshukuru.

"Bi Violeth, hebu skiza," akanivuta pembeni. "Sheria iko wazi. Muuguzi akiandika kwamba mtoto kaugua, mie namtungia karatasi nyengine, aifanye kesho asubuhi, na majibu utayapata kabla ya huo usajili wenu. Akiandika jengine, n'tasahihisha hichi alichokiacha mezani, na basi."

"Amefika wapi?"

"Hata nusu ya karatasi hajafika."

Nusu ya karatasi! Nikakimbilia kitandani. Muuguzi, mama mmoja wa Kizulu mwenye huruma usoni, kalamu ilikuwa tayari. Akamuuliza Shekinah, "Ulianza kuumwa lini, mwanangu?"

Shekinah akajiinua juu ya mto. "Sikuumwa. Nilifunga."

"Shekinah," nikasema kwa Kiswahili, natabasamu kwa ajili ya muuguzi, "sema uliumwa."

"Sikuumwa, kocha."

"Umeanguka! Mtu mzima wa afya anaanguka?"

"Nilianguka kwa sababu nilifunga. Nilifunga kwa sababu naamini. Nikisema niliumwa, basi siku zote hizo nilikuwa nacheza?"

Kabla sijamjibu, mlango ukajaa. Mama Marcelline na akina mama wa maombi, vilemba vyeupe, midomo imewakauka kama ya Shekinah, hapana shaka nao hawajaonja maji. Nikashukuru Mungu. Mama amefika, mama ataokoa jahazi.

"Mama, njoo haraka. Mwambie mwanao aseme aliumwa. Neno moja tu, kesho anarudia mtihani, mambo yanakwisha."

"Aseme aligonjwa?"

"Ndiyo, mama."

"Na aligonjwa?"

"Mama, ni neno moja tu."

"Ah non, kocha. Banamama hawa wamelala na njaa juu ya ile mutihani. Weye uliomba, shiye tukafunga. Sasa mutoto afungue kinywa yake na uwongo? Ile maombi yote itamwangika!"

"Timu itakufa, mama! Mnanielewa? Itakufa kesho!"

"Timu ikufe ao isikufe, uwongo hapana. Kama kuna kosa, munipe miye." Akamgeukia muuguzi, akajipiga kifuani, akamwambia kwa Kiingereza chake cha sokoni: yeye Marcelline ndiye aliyemfungisha mtoto, anakaa Bertrams, anayemtaka amfuate, mlango uko wazi.

Muuguzi akanitazama. Akaandika: amefunga. Daktari Ameir akatikisa kichwa, akakunja karatasi ya Shekinah akaitia mfukoni, akaenda zake.

Nitawaambia kweli. Nilimchukia yule mtoto, na mama yake, na vilemba vyao. Nilitoka nje nikalia kwa hasira nimeegemea ukuta. Halafu hasira zikaisha, nikabaki na aibu. Kumbe katika watu wote waliokuwa mle ndani, aliyekuwa tayari kudanganya ni mimi peke yangu.

Ijumaa mchana nikapanda basi kwenda kwa Mabuza kupokea kifo cha timu yangu. Basi lilisimama kwenye robot, taa za barabarani kwa lugha ya hapa, karibu na chuo, na wasichana wangu wawili walikuwa wanavuka barabara na mipira begani, wanakwenda mazoezini. Mazoezini! Siku ya kufutwa! Hakuna aliyewaambia waende. Nikawatazama mpaka taa ikabadilika, na nilipotelemka nilikuwa nimeshajua la kufanya.

"Kumi na watatu," Mabuza akasema, hata sijakaa. "Pole sana, Violeth. Umejitahidi."

"Andika wa kumi na nne."

"Nani?"

"Mimi."

Akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Wewe ni kocha."

"Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, nimesajiliwa, masomo yangu yote nimefaulu, na umri wa kucheza bado unaniruhusu mpaka mwakani. Kanuni ni zako, hizo hapo umezibandika ukutani mwenyewe."

"Na goti lako?"

"Goti langu halijafeli mtihani wowote."

Kicheko kikakatika. Nilimtegemea abishe. Hakubisha, na hapo ningepaswa kushtuka. Alivuta mtoto wa meza, akatoa karatasi.

"Mchezaji hawezi kuwa mwajiriwa wa idara," akasema taratibu. "Ukitaka kuandikwa, kwanza unajiuzulu ukocha."

"Na timu itafundishwa na nani?"

"Nitawapa kocha."

"Si ulisema hakuna fungu la kocha?"

"Nitawapa kocha, Violeth. Kanuni inanitaka niwape. Unasaini, husaini?"

Nikawafikiria wale wawili na mipira yao. Nikasaini. Jina langu likaingia kwenye orodha, namba kumi na nne, na nilipoliona pale nilijisikia mrefu kama mlingoti. Kuhusu ufunguo, nilimwambia nimeusahau nyumbani. Ulikuwa pale pale unanikwaruza.

Simu ikalia. Daktari Ameir.

"Bi Violeth, umekaa?"

"Nimesimama, Daktari."

"Basi kaa. Yule mtoto wako kafaulu."

"Kafaulu nini?"

"Mtihani! Kaanza na masuali makubwa, yale yenye alama nyingi, ambayo wenzake wote huyakimbia wakayawacha mwisho. Kayamaliza yote, sahihi, ndo akaanguka. Hamsini na tatu! Nimeisahihisha mara mbili, nikampa na mwenzangu aisahihishe, maana wallahi sikuamini."

Nilipiga kelele, katibu wa Mabuza akafungua mlango kuchungulia. Hamsini na tatu! Na njaa tumboni! Bila uongo hata chembe!

"Shekinah amefaulu!" nikamwambia Mabuza. "Huyo ndiye wa kumi na nne. Mimi nifute, na hiyo karatasi yangu nirudishie nichane."

Mabuza alikuwa ameshaitia kwenye mtoto wa meza na kufunga kwa funguo. "Mwongeze tu. Mtakuwa kumi na watano, vizuri zaidi. Karatasi yako nimeshaipokea."

Nikachukua kalamu, nikaandika jina la Shekinah kwa mkono wangu, herufi kubwa, namba kumi na tano. Moyoni nasema, haidhuru, ukocha nitaupigania Jumatatu. Cha kwanza timu iishi.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Manukato yakatangulia, filimbi ikafuata, halafu mwenyewe.

Burhani.

"Violeth," akasema kwa Kiswahili chake kile cha Tanga, laini, huku akimpungia Mabuza mkono. "Hata salamu?"

"Umefuata nini hapa?"

"Nimerudi kazini. Mzee huyu alinipigia kitambo, Pretoria hatukuelewana. Ila kiti kilikuwa na mtu, na mtu mwenyewe kumfukuza katikati ya muhula ni kesi. Tukasema tumsubiri, Violeth tunamjua. Kwa timu yake atajichoma mwenyewe." Akacheka. "Nawe hukutuangusha."

Mabuza alikuwa anatabasamu, haelewi neno hata moja, anadhani tunasabahiana.

Burhani akavuta orodha. Akasoma jina moja moja, anatikisa kichwa, sharp, sharp, huyu sawa. Alipofika mwisho akasimama. Akanyoosha mkono, akaichukua kalamu kiganjani mwangu, akapiga mstari juu ya jina la Shekinah. Mmoja, mnene, bila haraka.

"Golikipa anayejikondesha kwa makusudi mimi simsajili. Kocha ana haki hiyo."

"Ni kwa sababu alikukataa mbele za watu!"

"Sababu ni zangu." Akaihesabu orodha kwa ncha ya kalamu. "Kumi na nne. Imetimia. Golini utasimama wewe, si ulikuwa unapenda kudaka mazoezini?"

Nikaipokonya ile kalamu. "Rudisha jina lake, Burhani. Usiporudisha, natoa langu. Mtabaki na kumi na watatu, na wewe utakuwa kocha wa nyasi."

"Toa," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Toa, timu ife. Halafu uende mwenyewe uwanjani ukawaambie wale kumi na watatu kwamba umewaua kwa ajili ya mmoja. Huwezi. Nakujua."

"Hunijui, ng'o."

"Huwezi, Violeth."

Nje, kwenye korido, kukasikika vigelegele. Vya Kikongo vile, virefu, havina breki. Mlango ukasukumwa, akaingia Shekinah anahema, plasta ya dripu bado mkononi, nyuma yake Mama Marcelline kakumbatia sufuria la uji, na nyuma yao timu nzima na viatu vya mpira, wanaimba.

"Kocha! Hamsini na tatu!"

"Umeona?" Mama Marcelline akapaza sauti. "Umeona, kocha? Uwongo ya nini?"

Halafu wakamwona Burhani. Wimbo ukafa, mstari kwa mstari, mpaka wa mwisho kabisa kule korido akanyamaza.

Shekinah akasogea mezani. Akaiona orodha. Akaliona jina lake, lilivyo na mstari juu yake, na wino haujakauka. Akainua macho kutoka kwenye karatasi, akaiangalia kalamu, akamwangalia mwenye kuishika, na huyo ni mimi.

"Kocha," akasema polepole. "Nani amenifuta?"

"Mwambie," Burhani akasema, anatabasamu.

Mabuza akagonga saa yake kwa kidole. Zilibaki dakika nne.

Nilimkazia macho Burhani mpaka tabasamu likaanza kumteleza, nikaishusha kalamu juu ya jina la kumi na nne, langu mwenyewe.